Kasiba Haikuwa na Kosa

Tulianza na kasiba, kwa sababu kasiba ndiyo iliyolaumiwa kwanza.

Wakati huo nilikuwa dereva katika nyumba moja ya Al-Naseem, mashariki ya Riyadh. Nilikuwa na shahada ya fizikia niliyoipata Nairobi, na ikama, kibali cha kuishi nchini, iliyosema kwamba mimi ni dereva wa nyumbani. Wakala aliyenisafirisha kutoka Mombasa hakuniuliza nimesomea nini. Aliniuliza kama ninaweza kukaa ndani ya gari muda mrefu bila kulalamika. Nikamjibu kwamba kukaa naweza, la kulalamika siwezi kuahidi. Akacheka, akadhani natania.

Mwajiri wangu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtu mrefu na mkimya, mwenye ndevu alizozikata kwa uangalifu. Nyumba nzima tulimwita baba. Kila Jumamosi asubuhi nilimpeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha nje ya mji, nikabaki garini nikisoma mpaka atoke. Siku moja alitoka mapema, akakuta kitabu cha mekanika juu ya usukani. Alikifungua katikati, akapita kurasa kadhaa za milinganyo, akanitazama.

"Hiki cha nani?"

"Changu, baba."

"Unakielewa?"

"Naanza kwa kutokiamini. Nikishindwa kukipinga, basi nimeelewa."

Hakucheka. Lakini Jumamosi iliyofuata alinigongea kioo cha gari, akaniambia niingie naye ndani.

Alichotaka ni mtu wa kumsomea vitabu vya bidhaa. Alikuwa na rundo zima lake, vya Kiingereza kwa wingi, vyenye picha za vipande vya bunduki vilivyolala juu ya kitambaa cheusi kama vito. Alikusudia kuunda bunduki ya shabaha, si kuinunua ikiwa kamili dukani. Kila kipande kingechaguliwa peke yake, kisha fundi wa klabu aviunge. Bunduki yake ya zamani, alisema, imechoka. Kwa zaidi ya mwaka risasi zake zilikuwa zikitawanyika kwenye karatasi kama punje zilizomwagika.

Kila msimu wa baridi wanajeshi wenzake wa zamani walikutana Jeddah, kwenye shamba la mmoja wao, wakalenga shabaha na kula pamoja. Wengi wao aliwafundisha yeye walipokuwa vijana. Mara ya mwisho alikuwa wa mwisho.

"Safari hii nikishindwa, naiweka chini," aliniambia. "Sitaigusa tena."

Aliyasema haya akipangusa kioo cha darubini, bila kuinua uso. Mimi nilijiuliza, kama nilivyozoea kujiuliza juu ya kila kitu, kwa nini mtu mzima alale kifudifudi juu ya mkeka ili atoboe karatasi. Hailiwi. Haiuzwi. Hakuna adui aliyekufa. Ilinichukua muda kuona kwamba katika maisha yake hapakuwa tena na kitu alichokifanya mwenyewe. Nilimwendesha mimi. Karatasi zake za serikali zilifuatiliwa na wanawe. Chakula kilipikwa, nguo zilipigwa pasi, hata viatu viligeuzwa na mtu mwingine vikaelekea mlangoni. Kwenye mkeka tu ndipo pumzi ilikuwa yake na kidole kilikuwa chake. Nikaacha kuuliza kuhusu karatasi.

Basi, kasiba. Ule mrija wa chuma unaopitisha risasi una mifuo ndani yake, inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Kuna chuma cha aina hii na ile, urefu huu na ule, nene na nyembamba. Nilimsomea yote. Alitaka nzito, isiyotikisika. Mimi nikamuuliza, "Baba, umejuaje kwamba kosa ni la kasiba?"

"Kwa sababu mimi ni yule yule."

Nilimwomba jambo moja: tusibadilishe vipande vyote kwa pamoja. Tubadilishe kimoja, tupime, kisha kingine. Ukibadilisha vitano siku moja na mambo yakatengenea, hujui ni kipi kilichotengeneza. Na yasipotengenea, huna pa kushika. Alilipenda wazo hilo. Alisema hata jeshini hawakuwa makini hivyo. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimejenga ua na kuanza kuwatoa ndani yake watuhumiwa mmoja mmoja, mpaka abaki mmoja.

Kasiba mpya ikaja. Fundi wa klabu, Mpakistani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaifunga. Nyuma ya karakana alikuwa na jiriwa kubwa lililofungwa kwenye zege, la kubanea bunduki ipigwe bila kuguswa na mtu, ili ijulikane chuma chenyewe kinafanya nini. Lakini kwa wazee wa klabu ile, bunduki mpya hupigwa kwanza na mwenyewe. Ndiyo desturi yao. Na mwenyewe akishaipiga, kuitia kwenye jiriwa ni kama kumwambia mbele ya watu kwamba hujamwamini. Kwa hiyo jiriwa lilitumiwa kwa bunduki za vijana tu.

Baba alilala kwenye mkeka, akapiga. Risasi zikatawanyika vile vile.

Tukahamia kwenye kifyatulio. Nilijifunza kwamba kifyatulio kizuri ni kile kinachokushtua kidogo, ambacho risasi hutoka kabla hujaanza kuiogopa. Tulichagua kinachoweza kulegezwa na kukazwa kwa parafujo ndogo. Tulipima nguvu ya kidole chake kwa mizani ya jikoni, na madam, mkewe, akaitafuta mizani hiyo siku nzima. Kifyatulio kikaja, kikafungwa, risasi zikatawanyika.

Kitako, ile sehemu inayoegemea begani, ndicho kilichotugombanisha. Yeye alitaka mti wa jozi, wenye mistari ya kahawia inayokwenda kama maji. Mimi nikamwambia mti hunywa unyevu. Riyadh ni kavu hata midomo inapasuka, na Jeddah nguo hailali kwenye kamba ikakauka. Bunduki ya mti ikirekebishwa Riyadh, mti utavimba Jeddah, na kila tulichokipima kitasogea.

"Baba yangu alipiga kwa kitako cha mti maisha yake yote," alisema.

"Na alipiga Jeddah?"

"Hapana. Kwetu milimani."

"Basi."

Akafunga kitabu cha bidhaa na kukifungua tena ukurasa wa alumini. Alikuwa na tabia hiyo: kushindwa kwa hoja hakukumkasirisha, kulimchosha tu.

Jikoni palikuwa na dada mmoja kutoka Kakamega, aliyefanya kazi za ndani. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akiosha sufuria, na mimi ndiye mtu pekee wa kuzungumza naye Kiswahili.

"Prof, leo mmenunua chuma gani tena?"

"Kitako."

"Na kile cha kwanza kilikuwa kimekufa?"

"Hakikuwa kimekufa."

"Aki wewe. Ulisoma miaka yote hiyo, kumbe ni ukuje kushikia mzee bunduki."

Alikuwa akipanga sinia la kahawa ya baba. Aliweka kikombe upande wa kushoto kabisa, na tende kando yake, kushoto vile vile. Mimi nilizaliwa nikitumia mkono wa kushoto. Chuoni, nilipokuwa nikisoma Kurani, maalimu aliufunga mkono huo kwa kanga ya dada yangu mpaka wa kulia ukajifunza kuandika. Mtu wa namna hiyo huona haraka kitu kilichowekwa upande usio wake. Katika nyumba ile kila kitu kilitolewa na kupokelewa kwa kulia. Mtu anayekunywa kwa mkono wa kulia huwekewa kikombe kulia.

"Mbona kushoto?" nikamuuliza.

"Madam alisema. Vitu vya mzee vyote vikae kushoto. Maji, rimoti, miwani."

"Ukamuuliza kwa nini?"

"Mimi si wewe. Hapa ukiuliza maswali mob unarudishwa ofisini kwa wakala."

Kuanzia siku ile nikaanza kutazama. Mtu akiingia sebuleni kutoka upande wa kulia, baba aligeuza kichwa chote, kama mlango. Meza ndogo iliyokuwa kulia kwa kiti chake ilikuwa imeondolewa, na kwenye zulia zilibaki alama za miguu yake. Garini alikaa kiti cha mbele, kando yangu, na hakuacha kunionya juu ya magari yaliyonipita kushoto. Ya kulia, upande wa dirisha lake, hakuyataja hata yalipotukaribia kiasi cha kunitoa jasho. Nilikuwa nimedhani ananiamini upande ule.

Nyumba nzima ilikuwa imejipanga kulizunguka jicho moja. Madam alijua, na huenda wanawe walijua pia. Hakuna aliyemwambia mwingine. Walihamisha meza. Hiyo ilikuwa heshima yao, na sikuwa na haki ya kuidharau, maana kwetu Mombasa babu yangu alipoanza kusahau majina yetu, sote tulijifunza kujitaja kabla ya salamu, na hakuna aliyetamka neno "kusahau" mpaka tulipomzika. Lakini kwenye karatasi ya shabaha huwezi kuhamisha meza.

Jumamosi moja, baba alipoingia ofisini kwa mkuu wa klabu kunywa kahawa, nilimwendea fundi.

"Tuibane kwenye jiriwa," nikamwambia.

"Bunduki yake? Hapana."

"Tujue tu."

"Mimi najua," alisema fundi. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwenye shati, akaivaa tena. "Yalla. Haraka."

Aliibana. Alipiga risasi tano kwenye karatasi mpya, bila mtu kuigusa bunduki ila kidole chake kwenye kifyatulio. Tulipoileta karatasi palikuwa na tundu moja tu, lenye kingo zilizochanika. Risasi zote zilikuwa zimepita mlango mmoja.

"Kasiba haina kosa," alisema fundi. "Kifyatulio hakina kosa."

"Nani atamwambia?"

"Mimi nina watoto wanne wanasoma."

"Na mimi?"

"Wewe hujaoa."

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba swali lolote ni jema, na kwamba anayelikimbia jibu ni mwoga. Mwalimu wangu mmoja chuo kikuu alinifukuza darasani kwa imani hiyo, nami nikajivuna mwezi mzima. Sasa nilikuwa na jibu mfukoni, nikaona kwamba sikuwahi kufikiria jambo hili: jibu likishapatikana linakwenda kukaa ndani ya mtu fulani, na si lazima mtu huyo awe aliyeuliza.

Baba alipotoka nilimfungulia mlango, nikaingia, nikawasha gari, nikalizima.

"Baba, naomba nikuulize kitu."

"Tangu lini unaomba?"

"Fumba jicho la kushoto, unisomee lile bango pale mbele."

Lilikuwa bango kubwa la duka la matairi. Hakufumba jicho lolote. Alilitazama bango, akaitazama mikono yake.

"Nani amekwambia?"

Nikampa karatasi. Alipitisha kidole gumba juu ya lile tundu mara nyingi, kama mtu anayepapasa kovu.

"Hii ameipiga nani?"

"Jiriwa, baba."

Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akaiweka mfuko wa kifuani.

"Nyumbani," alisema.

Jumamosi iliyofuata hakuniita. Iliyofuata pia hakuniita. Mwanawe mkubwa alikuja kumchukua kwa gari lake, wakaenda nisikokujua. Mimi nikaosha gari lililokuwa safi. Dada wa jikoni aliniletea chai nje, akasimama akinitazama nikisugua magurudumu.

"Umeachishwa?"

"Bado."

"Panga sanduku, prof. Hiyo godoro yako nitachukua mimi, yangu imeisha katikati."

"Hata pole hakuna?"

"Pole ya nini? Si ulikuwa unataka kujua. Sasa unajua."

Siku chache baadaye baba aliniita kwenye chumba cha wageni. Kwenye zulia mbele yake kulikuwa na kitako kipya cha alumini peke yake, hakijafungwa kasiba wala kifyatulio. Hakunisalimu.

"Daktari anasema la kulia halitarudi," alisema. "Lilianza kufa zamani. La kushoto ni zima." Alikisukuma kitabu cha bidhaa upande wangu. "Wanatengeneza bunduki za mtu wa kushoto?"

"Wanatengeneza. Ila, baba, nataka useme ukweli kama..." Na hapo nikaanza hotuba niliyokuwa nimeitayarisha wakati wa kuosha gari. Nilimsimulia kanga ya dada yangu na mkono uliofungwa. Nikamwambia risasi haijui kulia wala kushoto, kwamba desturi ya mezani si sheria ya shabaha, kwamba watu wakisema waseme. Nilikuwa na hoja nyingi nzuri. Aliniacha niseme mpaka nilipofika katikati.

"Halas, yatosha," alisema. "Nilidhani wewe huamini chochote. Kumbe unaamini sana kwamba mimi ni mjinga."

Nikakifunga kitabu cha bidhaa.

"Hakuna anayekataza kulenga kwa kushoto. Jeshini nilikuwa na vijana wa kushoto, wengine hodari kuliko mimi. Nimejaribu. Siku tatu hizi nimejaribu hapa hapa, mlango nimefunga." Akakiinua kile kitako, akakiweka bega la kushoto, akainamisha shavu. Hata mimi niliona. Shingo yake ilikakamaa, kiwiko kilining'inia hewani bila kujua pa kwenda. Alifanana na mtu aliyevaa koti la mwenzake. "Baba yangu alinifundisha nikiwa mdogo. Alikuwa akiushika uso wangu kwa viganja viwili na kuulaza kwenye kitako. Hivi. Kulia. Nikiiweka kushoto, ninamhisi akiurudisha."

Akakishusha.

"Kwa hiyo halas," alisema tena, sasa kwa sauti nyingine. "Waandikie wauzaji kwamba hatuhitaji vilengeo."

Vilengeo ndivyo vipande vya mwisho vilivyokuwa vimebaki kubadilishwa: tundu dogo la nyuma, unalolitazamia, na duara la mbele, linalozunguka shabaha. Bila vilengeo bunduki haina macho. Alikuwa ananiambia kwamba ameiweka chini.

Sikuandika. Nilichukua vile vitabu vyote chumbani kwangu, nikavisoma upya, kuanzia kurasa za mwisho, zile za parafujo na vikorokoro ambazo hakuna anayezisoma. Nilikuwa nimekosea kwa kudhani kwamba kuna maswali mawili tu, bega lipi na jicho lipi, na kwamba jibu la moja ni jibu la lingine. Kwa nini bega na jicho viwe upande mmoja? Nani alisema?

Katika kitabu chembamba kuliko vyote nikapata picha ya kipande cha alumini kilichokunjwa, kinachofungwa juu ya bunduki na kuvibeba vilengeo pembeni, kama kiango kinavyoibeba taa mbali na ukuta. Bunduki inabaki bega la kulia, shavu linalala pale pale lilipozoea, na vilengeo vinalifuata jicho la kushoto lilipo.

Nilimpelekea ukurasa ule asubuhi, kabla hajavaa kilemba. Aliutazama kwa muda.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya sana."

"Kama kifaru aliyeota pembe sikioni."

"Lakini shavu halihami, baba."

Kwa kuwa kile cha kwenye picha kilipimwa kwa uso wa mtu mwingine, ilibidi fundi achonge cha kwake, na fundi alihitaji vipimo. Baba akakaa kwenye kiti na kitako begani, nami nikashika rula mbele ya uso wake, nikipima kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya lingine. Sikuwahi kumgusa kabla ya hapo, isipokuwa kupokea funguo. Lile jicho la kulia lilinitazama wazi kabisa, jeusi, zuri, bila kuona kitu. Aliketi ametulia kama mtu anayenyolewa.

"Una mikono baridi," alisema.

"Naogopa kukosea."

"Vizuri."

Hesabu zenyewe zilinifurahisha. Mstari wa jicho na mstari wa kasiba sasa haikuwa mmoja juu ya mwingine. Ilikuwa miwili, sambamba pembeni. Ukiielekeza ikutane, itakutana mahali pamoja tu: kabla ya pale risasi iko upande huu, baada ya pale iko upande ule. Askari asingeweza kuitegemea bunduki ya namna hiyo, maana adui hakai umbali mmoja. Lakini karatasi ya shabaha inakaa. Inakungoja mita hamsini, leo na mwakani. Uzito nao ulitusumbua. Kiango kiliivuta bunduki ilale kushoto, na fundi akaweka kipande cha shaba upande wa kulia kusawazisha. Alikifanyia kazi kiango kile kwa furaha ya wazi, akipiga mluzi, sasa kwa kuwa mwingine ndiye aliyekuwa ameshasema.

Klabuni Riyadh, siku ya kwanza, matundu yalianza kusogeleana. Siku ya tatu yalikaa pamoja kama watu wa nyumba moja.

Msimu wa baridi ulipofika tukashuka Jeddah, mwendo wa kutwa nzima. Tulilala kwa ndugu wa madam. Asubuhi baba aliniruhusu nipite mtaa wa Sharafiya, nikanywa chai kwenye mkahawa mdogo. Meza ya pili vijana wa Unguja walikuwa wakibishana juu ya penalti, Kiswahili chao kikiteleza vizuri hivi kwamba niliagiza chapati ya pili ili nisikilize. Niliporudi nilifungua sanduku la bunduki kuona kama unyevu umeingia. Kiango hakikuwamo.

Nilimkuta mbele ya kioo akijifunga kilemba.

"Baba, kiango kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Mahali salama."

"Salama si mahali, baba."

Akarekebisha ncha ya kilemba, ambayo haikuwa na kasoro.

"Wale watu nimewafundisha mimi," alisema. "Wamekuwa makanali. Nitalala mbele yao na dude lile kichwani?"

Nilikuwa na majibu. Kwamba akipiga bila kiango atakuwa wa mwisho tena, na akiwa wa mwisho ataiweka chini. Yote hayo aliyajua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniambia. Nikafunga sanduku, nikalibeba.

Shamba lilikuwa nje ya mji, uwanja wa changarawe wenye tuta la mchanga mwishoni na hema upande mmoja. Wazee wanne walitupokea, wakambusu baba mabegani. Mwenye shamba, mtu mnene mwenye sauti ya kupandisha paa, alimwita mwalimu. Walipiga kwa zamu, wakikejeliana. Mwenye shamba alimwambia mmoja kwamba mbuzi wake wamelala nyuma ya tuta bila wasiwasi, kwa jinsi anavyolenga.

Zamu ya baba ikafika. Nikatandika mkeka, nikaiweka bunduki juu yake, tupu juu, bila macho ya pembeni wala ya katikati. Baba akapiga magoti. Akakaa hivyo, mkono mmoja juu ya kitako, kwa muda mrefu kiasi cha watu kuacha kuongea. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa kiango pamoja na vilengeo vyake, vimefungwa kwenye leso.

"Funga," akaniambia.

Nikafunga. Parafujo ni ndogo na vidole vyangu vilikuwa vimelowa kwa ule unyevu wa Jeddah. Nyuma yangu nikamsikia mwenye shamba.

"Mwalimu, hiyo nini? Unatafuta stesheni ya redio ya Misri?"

Wakacheka. Baba hakugeuka.

"Jicho langu la kulia limekufa," alisema.

Kicheko kikakatika. Nikaendelea kuikaza parafujo iliyokwisha kukazika, kwa sababu sikujua mikono yangu iende wapi.

"Tangu lini?" aliuliza mwenye shamba.

"Miaka miwili. Zaidi."

"Miaka miwili unapiga risasi hapa huoni, na sisi tumekaa pembeni yako tunakunywa kahawa?"

"Naona nusu."

"Wallahi, sisi tulikuwa tumekaa ile nusu nyingine."

Safari hii baba naye alicheka, na mabega yake yalitikisika mpaka ikabidi angoje yatulie. Ndipo akalala, akalaza shavu kulia pale pale, na jicho la kushoto likaenda kwenye tundu. Mimi nikakaa kwenye darubini ya kuangalizia, kazi yangu kumwambia risasi imeangukia wapi.

Akapiga.

"Pointi sita," nikasema. "Chini, kushoto."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Kiango kilitolewa, hakikurudi pale pale."

Hakuuliza kilitolewa na nani. Akageuza kirekebishio kidogo, akapiga.

"Saba. Bado chini."

Akageuza tena. "Tisa," nikasema, na yule mnene akaguna. Lakini risasi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Mwishoni alimzidi mtu mmoja tu, yule wa mbuzi, na kwa pointi chache. Walipeana mikono. Nyama ikawa tayari, wakaanza kuelekea hemani, mmoja baada ya mwingine, wakiendelea kumtania yule aliyeshindwa na mtu wa jicho moja.

Baba alibaki mkekani.

"Mwalimu, chakula kinapoa," aliita mwenye shamba.

"Anzeni."

Aliifungua bunduki, akanionyesha kwamba haina risasi, akailaza na kuondoa mikono yake. Aliinua kichwa akautazama uwanja, akigeuza shingo kidogo kulia kama ilivyokuwa lazima kwake.

"Karatasi ile imejaa," alisema. "Nenda ukaniwekee nyingine."

Nikachukua karatasi mpya na pini, nikaanza kuukata uwanja.